Mgeni Mwenye Gitaa

Wageni wanaokuja Mbalizi kuhudumu kwa vijana wa kanisa hufika na gitaa. Sijui ni nani huwaambia. Wanashuka kwenye gari la ushirika, begi refu mgongoni, gitaa mkononi, na ndani ya begi umo mpira wa miguu uliotolewa upepo ili uenee. Kichwani wana mipango: jioni za nyimbo, bonanza la mpira, kambi ya vijana wakati wa likizo, mazungumzo ya Biblia kila Jumamosi. Mipango yenyewe haina ubaya. Ila wakati mgeni anaipanga huko kwao, vijana wetu walikuwa kanisani wakifanya mazoezi ya kwaya kwa kinanda walichochangishana wenyewe, na katika daftari la katibu wao ratiba ya mwaka ilishajaa mpaka mkesha wa Mwaka Mpya.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilikuwa katibu wa idara ya vijana wa ushirika wetu wa Moravian tangu nikiwa binti hadi nilipoolewa, kisha nikawa mlezi wao, na sasa nafundisha wageni Kiswahili barazani kwangu. Wengine nimewapangisha chumba cha uani. Wamepita Wajerumani, Waswisi na Wamarekani, wengi wao wakiwa watoto wa miaka kumi na tisa au ishirini waliomaliza shule juzi, wachache wakiwa watu wazima waliokuja na familia kwa mkataba wa miaka kadhaa. Wapo waliotulia, na wapo waliohesabu siku za kurudi. Tofauti yao sikuiona katika Kiswahili, wala katika kula ugali, wala katika uhodari wa kupiga hilo gitaa. Niliiona katika jibu la swali moja: unafanya kazi chini ya nani? Aliyeweza kumtaja kiongozi wa vijana wa hapa, kwa jina, na akamsikiliza, huyo alitulia. Aliyejibu kwamba mkubwa wake yuko Ulaya alibaki mgeni hadi siku ya kupanda ndege.

Kwa wasioijua, Mbalizi iko magharibi ya jiji la Mbeya, kwenye barabara kuu ya Tunduma na Zambia, ukimaliza tu kuteremka mlima wa Iwambi ambao madereva wa malori wanauogopa, na wana haki. Reli ya TAZARA inapita hapa. Uwanja wa ndege wa Songwe, ulioanza kupokea ndege Desemba 2012, uko jirani. Tuna kambi ya jeshi, na kule Ifisi kuna hospitali ya Kanisa la Uinjilisti. Kutoka Umalila hushuka viazi, maharage na pareto. Wenyeji ni Wasafwa, lakini sokoni utamkuta Mmalila, Mnyiha, Mndali, Mnyakyusa, na Mkinga mwenye duka la jumla. Makanisa ni mengi kiasi kwamba Jumapili asubuhi spika hujibizana kutoka mtaa hadi mtaa. Mgeni anayedhani amekuja mahali ambapo vijana wanasubiri kuletewa Injili huwa amelala fofofo Jumapili hiyo ya kwanza.

Kinachowashangaza kwanza ni baridi. Waliambiwa wanakwenda Afrika, wakafungasha fulana. Wakifika Juni au Julai, alfajiri wanatoka nje wakitoa moshi mdomoni, na nyumba zetu hazina vipasha joto. Kazi ya kwanza ya katibu wa vijana inakuwa kumpeleka mgeni kwenye mitumba akatafute sweta. Nilikwenda na binti mmoja wa Kijerumani akachambua rundo, akaibuka na sweta lenye lebo ya duka la mji wao. Alicheka hadi akakaa chini. Muuzaji, alipoelezwa, hakumpunguzia hata mia.

Kabla ya baridi lakini huwa kuna Uhamiaji, na hapa wenyeji wengi hawajui kinachohitajika, kwa hiyo nieleze. Mtu hawezi kuja kwa viza ya utalii akaanza kufundisha vijana kanisani, hata kama halipwi. Mmisionari au mtu wa kujitolea anahitaji kibali cha ukaazi Daraja C, daraja ambalo pia huwahusu wanafunzi na watafiti. Maombi siku hizi hufanywa kwa mtandao, lakini barua ya kanisa linalomwalika ndiyo msingi wake: nani anamwita, kufanya nini, kwa muda gani, na nani atamtunza. Kanisa likichelewesha barua, mgeni anakwama. Akishafika, anapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji akajulikane. Watu wa kanisa hulisahau hili kwa kuona kwamba mchungaji anatosha. Mchungaji anatosha kwa Mungu. Usiku wa manane, mgambo wakimkuta kijana wa kizungu njiani asiyejua hata anaishi kwa nani, mwenye kufuatwa ni mwenyekiti.

Kuhusu lugha, mashirika yenye subira huwapeleka watu wao shuleni kwanza. Wakatoliki wana Makoko, Musoma, Walutheri wana shule yao Morogoro, na Iringa iko ile ya Riverside, kando ya mto Ruaha Mdogo, ambako wageni wengi wa nyanda zetu hupitia. Wanarudi wakijua ngeli kuliko wanangu, na wengine wanamsalimu kila Msafwa kwa "kamwene" wakidhani nyanda zote za juu ni Uhehe. Mimi huwapokea hapo na kuwatoa kitabuni. Somo langu la kwanza ni daftari la katibu wa vijana. Namwambia mgeni aliombe, alisome lote, na kila asichokielewa aulize. Akimaliza hilo daftari anajua Kiswahili cha kazi yake, na anajua pia kwamba kazi ilikuwapo.

Humo atakuta nini? Mazoezi ya kwaya jioni, siku mbili au tatu kwa wiki. Ibada ya vijana. Zamu za usafi. Ziara kwa wagonjwa. Vijana walioko sekondari wana umoja wao, UKWATA, unaowaunganisha wanafunzi wa makanisa ya Kiprotestanti, na wenzao Wapentekoste wana CASFETA. Wakifika vyuoni wanakuta USCF na TAFES. Wakatoliki wana TYCS kwa wanafunzi na VIWAWA kwa waliokwisha kuanza kazi. Vyote hivi vina wenyeviti, makatibu, wahazini, katiba na mihuri. Mtanzania hapati taabu kuelewa. Mgeni anayetoka kwenye kanisa lenye kikundi cha vijana wanane na mfanyakazi mmoja anayelipwa kuwatafutia la kufanya, huyo anahitaji muda kukubali kwamba mwenyekiti wa vijana hapa, anayeendesha bodaboda mchana, ana mamlaka kuliko yeye mwenye cheti.

Atakuta pia kwamba msimu unatawala. Mvua zikianza Novemba, kijana yuko shambani. Kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa mwezi huohuo. Juni na Julai ni mavuno, na ni likizo. Pasaka ina kongamano lake. Nilikuwa na mgeni mmoja, mtu mzima mwenye bidii, aliyeitisha kambi wiki ya kwanza ya Desemba kwa sababu kalenda ya shirika lake ilionyesha nafasi. Katibu alimwambia kwa upole, kama tunavyosema sisi, kwamba "tutaona". Kwa Mbalizi, tutaona ni hapana. Mvua ilikuwa imekolea. Waliojitokeza walikuwa wachache, na wawili wao walikuwa wanangu niliowalazimisha.

Halafu kuna suala la kijana ni nani. Sera ya taifa ya maendeleo ya vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Maana yake kwenye benchi moja la vijana wa kanisa wamekaa watoto kisheria, pamoja na watu wazima wenye biashara zao, mwanajeshi wa kambini, na binti aliyeacha shule akiwa na mtoto mgongoni. Kanisani desturi ni kwamba ukioa au kuolewa unahama idara, hivyo mtu wa miaka thelathini na minne asiye na mke bado ni kijana, na wa ishirini na mbili mwenye mke si kijana tena. Michezo ya kurushiana puto aliyoizoea mgeni kwa watoto wa kipaimara haiwezi kuwafaa wote hawa.

Hapa nina la kuongeza ambalo wageni hulipenda, na wenyeji wengi wamelisahau. Ng'ambo ya milima, Rungwe na Kyela, Wanyakyusa wa zamani walikuwa na utaratibu usio na mfano sehemu nyingi duniani. Mtoto wa kiume akifika miaka kumi hivi, alitoka nyumbani kwa baba yake akaenda na wa rika lake kujenga vibanda pembeni ya kijiji. Walirudi kwa mama kula, kwa zamu, kundi zima leo kwa mama huyu na kesho kwa mama yule. Walipokua wakaoa, pale pale pakawa kijiji chao, na baadaye kizazi kile kikakabidhiwa nchi na baba zao katika sherehe kubwa. Godfrey na Monica Wilson, watafiti waliokaa huko miaka ya 1930, waliliandika hilo kwa kirefu, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951 kikaifanya desturi hiyo ijulikane ulimwenguni. Vijiji vile vimekwisha. Lakini mimi nikiwatazama vijana wetu wanavyopanga, wanavyotozana faini ya kuchelewa mazoezi, wanavyomsimamisha mwenzao aliyekosa bila kumwita mzee yeyote, sioni ajabu. Vijana wa nyanda hizi wamezoea kujitawala tangu kabla kengele ya kanisa haijapigwa. Anayekuja kuwaongoza anakuta wanaongozana.

Fedha ndiyo inayoharibu mambo haraka kuliko yote. Elimu ya sekondari hadi kidato cha nne haina ada tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita kilifuata mwaka 2022, lakini sare, daftari, nauli na chakula vipo. Mgeni anakaa wiki mbili, anaanza kufuatwa. Wa kwanza anaomba viatu vya shule, anapewa. Baada ya mwezi mgeni hana rafiki, ana foleni. Wapo waliolia barazani kwangu wakisema hawajui nani anawapenda na nani anahitaji fedha. Huwa nawaambia kwamba mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na hakuna dhambi hapo. Dawa yake ni mhazini. Kila senti ipite kwake, iandikwe, itolewe risiti, na anayeomba aelekezwe kwenye kamati. Mgeni apumue. Walutheri wa Iringa wana mfano mzuri: tangu 1987 dayosisi yao na sinodi ya Saint Paul kule Minnesota, Marekani, wana uhusiano unaoitwa Bega kwa Bega, sharika za huku zikiunganishwa na sharika za kule. Msaada wa masomo unapitia kwenye mikono ya kanisa, haumwagiki kutoka mfukoni mwa mtu mmoja anayepita.

Nitasema pia lile ambalo wazee huona aibu kulisema. Mgeni wa kike au wa kiume asikae chumbani peke yake na mtoto, mlango umefungwa, kwa kisingizio chochote, hata cha maombi. Asipige picha za watoto wa watu na kuzisambaza kwao bila ruhusa ya mzazi. Mashirika ya Ulaya yana kanuni zao za kumlinda mtoto na huwasainisha watu wao. Kanuni hizo tuzidai tuzione, na vijana wetu wenyewe waliopewa kufundisha shule ya Jumapili wafuate hizohizo. Heshima ya mgeni isitufumbe macho, na heshima ya mwalimu wa kwaya vilevile.

Sasa nieleze mtu anavyotulia, na sina njia ya kulieleza ila kwa kijana mmoja wa Kiswisi. Kwao alijifunza useremala. Alikuja na gitaa kama wenzake na mpango wa kambi, na miezi mitatu ya kwanza alikuwa mnyonge, anakaa mkutanoni akitabasamu asichokielewa. Jumanne moja akafariki baba wa mwimba sauti ya nne wa kwaya yetu. Msiba huku ni kazi ya vijana. Wao ndio hufunga maturubai, huchota maji, hupasua kuni, huchimba kaburi, huimba mkesha. Familia ile haikuwa na uwezo, na fundi wetu wa jeneza, ambaye ni mjumbe wa kamati ya vijana, alikuwa na mbao za paina na usiku mmoja. Mwenyekiti akamwambia Mswisi, kwa Kiswahili cha kawaida bila kumrahisishia, aje akashike randa.

Umeme ulikatika kama saa tatu. Wakawasha tochi za simu. Yule kijana alipima kwa milimita, na fundi anapima kwa shubiri na jicho, wakabishana kwa ishara hadi wakaelewana. Kufika usiku wa manane kifuniko kikawa tayari. Fundi akamwambia ndani hakuna haja ya msasa, hakuna atakayeona. Yeye akapiga msasa hivyo hivyo, pembe zote, watu wakamngoja, wengine wakinung'unika maana chai ilikuwa inapoa. Alfajiri alikwenda na wenzake makaburini akachimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Hakuimba, hakuhubiri, na gitaa lilikuwa chumbani kwake.

Wiki iliyofuata jina lake liliandikwa kwenye zamu ya kufagia kanisa. Alikuja kuniuliza kama ni adhabu. Tangu siku ile vijana walimtuma: nenda kachukue spika, kaa mlangoni pokea michango, mwambie mama fulani tunachelewa. Alipokosea walimfokea. Alipochelewa mazoezi alilipa faini. Kambi yake ilifanyika, mwaka wa pili, Julai baada ya mavuno, na aliyeiongoza alikuwa mwenyekiti. Yeye alifundisha kutengeneza viti. Viti vyenyewe tunavikalia.

Wenzetu wa kwanza waliokuja huku walipitia njia hiyohiyo kwa shida zaidi. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, wakipanda mito ya Zambezi na Shire na kuvuka Ziwa Nyasa, na walizika wenzao mapema. Utengule, ambayo jina lake bado liko katika kata yetu ya Utengule Usongwe, palikuwa na kituo chao kwa Wasafwa. Hapo aliishi Elise Kootz-Kretschmer, aliyeketi na wanawake wa Kisafwa akaandika maisha yao na baadaye akatoa kitabu kikubwa kwa Kijerumani juu ya watu hawa. Kule Mbozi alikuwapo Traugott Bachmann. Alipofika alikuwa mkali wa kukataza. Kadiri alivyokaa na Wanyiha ndivyo alivyoanza kuwauliza wazee kabla ya kutoa amri, hadi akawa miongoni mwa wamisionari waliotetea kwamba mila za watu zisifutwe ovyo. Wenzake hawakumwelewa wote.

Mwaka 1916 vita vikawaondoa. Waingereza waliingia kutoka Nyasaland, wamisionari Wajerumani wakachukuliwa, na karibu miaka kumi vituo vikabaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, kwa msaada wa Waskoti wa Livingstonia. Wajerumani waliporudi walikuta makanisa yanasali. Jambo kama hilo tumeliona wenyewe Machi 2020. Korona ilipoanza, serikali ya Ujerumani iliwarudisha vijana wote wa kujitolea waliokuwa chini ya mpango wake wa weltwärts, mpango ulioanza 2008 na ambao umeleta wengi huku kwetu. Kwa siku chache tu vyumba vikawa vitupu. Hapo ndipo ungejua nani alijenga nini. Vikundi vilivyokuwa vya mgeni, vyenye ufunguo mfukoni mwake na namba za watu kwenye simu yake, vilikufa mwezi uleule. Vilivyokuwa vya vijana, na mgeni akiwa mmoja wao, havikukosa hata mazoezi.

Wapo wa kwetu waliokwenda upande wa pili. Mpango huo wa Wajerumani tangu 2013 una mkondo wa kuwapeleka vijana wa Kusini kwenda kujitolea Ujerumani, na mtoto wa dada yangu alikwenda Herrnhut, Saxony, mji ambao Wamoravian waliuanzisha 1722 na ambao 2024 uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Alipangiwa kusaidia watoto wa chekechea na vijana wa kipaimara. Yeye hakubeba gitaa. Alibeba vitenge vya kutosha kufungua duka.

Wiki za kwanza alinipigia kila jioni. Hakuna anayemfokea, alisema, na hakuna anayemtuma. Watu ni wema, wanatabasamu, kisha kila mtu anaingia kwake na kufunga mlango. Kumtembelea mtu lazima mpange wiki moja kabla. Desemba saa kumi jioni ni giza. Kanisa ambalo sisi huku tulilifikiria kama Yerusalemu lilikuwa na vijana wachache, wenye haya, wasiopenda kuomba kwa sauti. Alikuwa ametoka kwenye nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, akaenda ulikotoka moto, akakuta makaa yaliyofunikwa vizuri.

Nilimwambia aache kunipigia, aombe kazi ya mikono. Majilio yalikuwa yamekaribia na kule huning'iniza zile nyota kubwa za karatasi zenye taa ndani, zinazobeba jina la mji huo. Akaomba kusaidia kuzipanga na kuzitundika. Mama mmoja mzee aliyekuwa mkuu wa kazi hiyo alimkosoa kutwa nzima namna anavyokunja pembe, na mpwa wangu akanitumia ujumbe akisema leo nimepata mama. Baada ya hapo alianza kutumwa. Vijana wale wenye haya hakuwafundisha kupiga vigelegele. Alijifunza kukaa nao kimya, wakawa wanamwandikia hadi leo. Asubuhi yeye kule na mimi huku tulisoma fungu moja katika kitabu cha maneno ya kila siku, ambacho Wamoravian hukichapisha tangu 1731, na wakati mwingine hilo lilikuwa mazungumzo yetu yote ya siku.

Kwa hiyo ushirika ulioandikiwa kwamba mwakani utaletewa mgeni wa kuhudumu kwa vijana, nauomba mambo machache kabla ya kununua godoro. Barua ya Uhamiaji iandikwe mapema, na isiandikwe na mchungaji peke yake. Kamati ya vijana iitwe, ikubali au ikatae, kwa sababu ndiyo itakayoishi naye. Ikikubali, ichague mtu mmoja atakayekuwa mkubwa wake wa kazi, na jina hilo lipelekwe Ulaya au Marekani kabla mgeni hajakata tiketi. Mhazini ajulikane. Sweta litafutwe. Na siku ya kwanza akishafika, kabla hajatoa gitaa kwenye mfuko, apewe zamu ya usafi ya wiki hiyo.